Umeme hauchagui dawa: hotuba kwa mafundi wa vifaa tiba na wauguzi, Arusha

Ndugu mwenyekiti, madaktari wetu, wauguzi, mafundi sanifu wa vifaa tiba mliotoka Moshi alfajiri, na vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha mliojaza viti vya nyuma: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Tumeombwa tueleze jinsi umeme unavyoweza kupeleka dawa moja kwa moja moyoni. Tuseme mapema, kabla mtu hajaanza kuulizia bei: hii si tiba ya kawaida ya hospitali yoyote, si hapa kwetu wala Ulaya. Majaribio yake yaliyojulikana zaidi yalifanywa kwa mbwa. Lakini fizikia yake ina zaidi ya miaka 100, vipande vyake vingi mnavishika kila siku kazini, na mambo yanayoikwamisha ni yale ambayo mtu wa maltimita huyaelewa haraka kuliko mtu wa vidonge. Kwa hiyo leo tutaongea kifundi.

Kwanza mtaziona trei mbili mezani. Ndani ya kila trei kuna kipande cha jeli ya agari, urefu sentimita 4, upana sentimita 2, unene milimita 3. Tumeitengeneza kwa gramu 1.5 za agari katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Tofauti ni moja tu: ya kushoto ina gramu 0.05 za chumvi ya mezani, ya kulia ina gramu 0.9, sawa na drip ya maji ya chumvi. Kila trei ina betri yake ya volti 9, rezista ya kilo-omu 4.7, maltimita, na vijiti viwili vya risasi ya penseli kwenye ncha. Katikati ya kila jeli tunaweka chembe moja ya pamanganeti, ile ya zambarau inayouzwa duka la dawa. Tunawasha sasa hivi, na tutazisoma baada ya dakika 20. Walio karibu waandike namba za maltimita. Kushoto naona miliampea 0.6, kulia 1.4. Kila mtu akisie kimoyomoyo rangi ya trei ipi itasafiri mbali zaidi.

Sasa tatizo lenyewe. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji wa moyo kwa kufunguliwa kifua, katika siku chache zinazofuata, hasa ya pili na ya tatu, mapigo yanaweza kuvurugika. Katika kila wagonjwa 100, hao ni kati ya 20 na 40. Vyumba vya juu vya moyo, yaani atria, vinaacha kujikunja kwa pamoja na kubaki vikitetemeka. Damu inatuama, bonge linaganda, na likichomoka kwenda kwenye ubongo mtu anapooza. Wauguzi wa ICU hawahitaji kuelezwa zaidi.

Dawa zipo, lakini zote zinapita mlango mmoja, damu, na damu inakwenda kila mahali. Chukueni amiodaroni. Kidonge cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za ayodini. Inajikusanya kwenye mafuta, kwenye ini, kwenye mapafu, inasumbua tezi ya shingo, na ukiiacha leo mwili unaitoa kwa wiki nyingi, kwa wengine miezi. Prokainamidi nayo, dawa ya zamani ya mapigo, kwa mshipa hupewa takribani miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 900, na shinikizo la damu likishuka unabaki unamkimbilia. Dozi yote hiyo kwa ajili ya ukuta wa atria ambao unene wake ni milimita 2 au 3.

Wazo ni rahisi: daktari wa upasuaji akiwa bado ameufungua moyo, alaze juu ya atria bandiko dogo lenye dawa, waya wake utokee nje kupitia ngozi, kama zile waya za muda za kuongozea mapigo ambazo huachwa baada ya upasuaji na kuvutwa siku chache baadaye. Moyo ukitulia, bandiko linakaa kimya. Ukianza kutetemeka, unapitisha mkondo mdogo wa DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, dawa inasukumwa kuingia ukutani. Kazi hiyo inaitwa iontoforesisi.

Aliyeionyesha waziwazi ni Mfaransa Stéphane Leduc, mwanzoni mwa karne ya 20. Alichukua sungura wawili akawaunga kwenye saketi moja kwa mfululizo. Wa kwanza aliwekewa pedi yenye strikinini upande wa chanya, wa pili pedi yenye sianidi upande wa hasi. Umeme ulipopita, wa kwanza alikufa kwa degedege la strikinini, wa pili kwa sianidi. Akachukua wengine, pedi zile zile, sumu ile ile, ila akageuza nyaya. Hakuna aliyedhurika. Ioni, yaani chembe yenye chaji, ya strikinini ina chaji chanya, kwa hiyo elektrodi chanya inaifukuza kuelekea mwilini na elektrodi hasi inaivuta ibaki kwenye pedi. Sianidi ni kinyume chake. Fundi anayebadilisha nyekundu na nyeusi hapati matokeo pungufu. Anapata sifuri, na mita yake inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mita inapima chaji iliyopita. Haipimi dawa. Na umeme hauchagui dawa. Haisi ya Usa River ikifika stendi ya Kilombero, konda haulizi nani daktari na nani amebeba mchicha. Anayewahi mlango ndiye anayekaa. Sodiamu na kloraidi, zile ioni za chumvi, ni wadogo, wepesi, na wamejaa mwilini. Molekuli ya dawa ni kubwa na nzito. Viti vinajaa kabla haijanyanyua mguu. Ufundi wote wa bandiko la moyo, kila tando na kila waya, ni mbinu za kuulazimisha umeme ubebe dawa.

Tupige hesabu ili tuwe na namba za kushika. Kulomu 96,485 zinabeba moli moja ya ioni yenye chaji moja. Mkondo wa miliampea 1 kwa dakika 10 ni kulomu 0.6, sawa na maikromoli 6.2. Prokainamidi ina gramu 235 kwa moli, kwa hiyo hata kama kila chaji ingebebwa na dawa, usingevusha zaidi ya miligramu 1.5 hivi. Sasa weka uhalisia: tuseme dawa imebeba asilimia 10 ya chaji, ambayo kwa molekuli ya ukubwa huo si mbaya. Umevusha miligramu 0.15.

Mtu atasema, miligramu 0.15 ni nini mbele ya 900? Bandiko la sentimita 4 za mraba juu ya ukuta wa milimita 2.5 linafunika nyama ya gramu moja hivi. Dawa inaingia kwa maikrogramu 15 kila dakika. Moyo uliotulia unapitisha takribani mililita 1 ya damu kwa kila gramu ya nyama kila dakika. Tukijifanya dawa imesambaa sawasawa, damu inayotoka kwenye kipande hicho ina maikrogramu 15 kwa mililita, wakati kiwango kinachotafutwa kwa tiba ya kawaida ni kati ya 4 na 10. Kwa hiyo kipande kile cha nyama kimepata zaidi ya dozi, na mwili mzima umepata tone. Hesabu hii ni ya mkononi, lakini inaonyesha kwa nini watu wazima na akili zao wamekaa na wazo hili miaka yote.

Hesabu hiyo hiyo inatoa pia upande mbaya. Damu inayosafisha ile nyama haipumziki. Ukizima umeme, kiwango kinaanza kushuka papo hapo. Kwa daktari anayeogopa madhara ni faida. Kwa anayetaka usiku mzima wa usalama ni usumbufu, kwa sababu atahitaji mkondo unaorudiwarudiwa, na kila marudio yanakula elektrodi.

Na upande wa tatu, ambao tunaomba mkawaambie na majirani. Ioni ya dawa chini ya mkondo salama inasogea ndani ya nyama chini ya nusu milimita kwa dakika 10. Kinachofuata ni dawa kusambaa yenyewe polepole. Kutoka ngozi ya kifua hadi moyo kuna sentimita 3 au zaidi, za mafuta, misuli, mbavu, na mapafu pembeni. Kwa mwendo huo ni safari ya zaidi ya saa 10, na mishipa midogo ya ngozi itaizoa dawa ndani ya dakika za mwanzo na kuipeleka mwilini kote. Kwa hiyo bandiko la kifuani linaloahidi kupeleka dawa moyoni kwa umeme halipeleki. Hata zile beseni za kuloweka miguu, ambazo maji yake hugeuka kahawia na muuzaji akasema ni sumu inatoka mwilini: chomekeni beseni bila miguu, maji yatageuka vile vile. Ile ni elektrodi ya chuma inaliwa na umeme.

Dakika 20 zimeshapita, tugeukie trei. Ya kushoto, yenye mkondo mdogo, zambarau imejivuta nusu sentimita hivi na zaidi kuelekea waya mwekundu, yaani chanya, kwa sababu pamanganeti ni ioni hasi. Ya kulia, yenye mkondo zaidi ya mara mbili, kuna doa la mviringo tu, limetanuka pande zote bila kujua liende wapi. Betri aina moja, rangi moja. Kwenye jeli ya kulia sodiamu na kloraidi wamebeba karibu mkondo wote, na msukumo wa volti ndani ya jeli umebaki mdogo sana kwa sababu chumvi imeishusha rezistansi. Mita ya kulia ndiyo iliyokuwa inasoma kubwa. Aliyeamini mita amekosa.

Sasa gusisheni karatasi ya litmasi kwenye ncha za jeli. Karibu na waya mweusi inageuka buluu, karibu na mwekundu inakwenda kwenye wekundu au inapauka kabisa, na anayenusa atapata harufu kama ya Jik. Maji yamepasuliwa: upande mmoja haidrojeni na alkali, upande mwingine asidi, oksijeni na klorini. Haya yametokea kwa mkondo mdogo, ndani ya dakika 20, kwenye agari. Kwenye nyama, huko ndiko kuungua. Watu wengi hudhani kuungua chini ya bandiko la umeme ni joto. Mara nyingi ni kemia: alkali upande wa hasi, asidi upande wa chanya. Trei hizi ni za mezani, tafadhali. Asiende mtu akazijaribu kwenye mkono wa mdogo wake.

Dawa ya tatizo hilo mnayo kwenye droo. Elektrodi za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zina fedha na kloraidi ya fedha, na sababu ni hiyo hiyo. Upande wa chanya, badala ya kupasua maji, fedha inakamata kloraidi na kuwa kloraidi ya fedha. Upande wa hasi, kloraidi ya fedha inaachia kloraidi na kurudi kuwa fedha. Hakuna asidi, hakuna povu. Ila akiba ina kikomo. Kulomu 0.6 zinakula miligramu 0.67 za fedha upande wa chanya, na zinahitaji miligramu 0.9 za kloraidi ya fedha upande wa kurudishia. Akiba ikiisha, elektrodi haikuambii. Inaanza kupasua maji kama risasi ya penseli. Dalili pekee ni volti kupanda wakati mkondo uko pale pale. Anayetengeneza bandiko aweke akiba angalau mara tatu ya hesabu, na chombo kikatae kuendelea pale jumla ya kulomu inapofikia theluthi ya akiba.

Tuingie ndani ya bandiko sasa, tukianzia juu. Kuna mgongo wa silikoni unaozuia umeme usitoroke kando. Chini yake wavu wa fedha uliounganishwa na waya. Kisha tando nyembamba inayopitisha ioni hasi tu, ili kloraidi ifike kwenye fedha lakini ioni za fedha zisishuke kwenye dawa. Kisha hifadhi ya dawa yenyewe, jeli yenye mililita 1 hivi. Mwisho, upande unaogusa moyo, tando inayopitisha ioni chanya tu. Hii ya mwisho ndiyo iliyobeba kazi. Bila yake, kwa kila ioni ya dawa inayotoka, kloraidi kadhaa za mwili zinaingia ndani ya bandiko na kuhesabiwa kama mkondo. Ukiwafungia mlango, dawa inalazimika kubeba mzigo. Tando ya namna hii inafanya pia kazi ya pili: umeme ukizimwa, dawa haivuji hovyo.

Kosa ambalo muuguzi mwenye nia njema atalifanya siku ya kwanza ni kuchanganya dawa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa sababu ndiyo mazoea ya wodi. Ampuli ya prokainamidi ina miligramu 100 kwa mililita. Ukiizimua mara 10 kwa maji ya chumvi, unabaki na milimoli 37 za dawa kwa lita dhidi ya milimoli 139 hivi za sodiamu, na sodiamu inakimbia zaidi ya mara mbili ya dawa. Sehemu ya dawa kati ya ioni chanya inashuka hadi karibu asilimia 10, kabla hata hujahesabu kloraidi. Zimua kwa maji ya sindano au dekstrosi asilimia 5. Dekstrosi haina chaji, haigombanii viti.

Kingine ni pH. Dawa isiyo na chaji haisukumwi. Prokainamidi, yenye pKa (pH ambayo nusu ya dawa ina chaji) ya 9.2, kwenye pH ya 7.4 imechajiwa kwa asilimia 98, hivyo haina shida. Lidokeni, pKa 7.9, kwenye pH hiyo hiyo robo yake haina chaji. Ishushe pH hadi 5.9 na utapata asilimia 99. Lakini usishushe kwa bafa (kemikali ya kushikilia pH) ya sodiamu, maana utakuwa umeingiza abiria wengine.

Na amiodaroni? Hapa tunatofautiana na wanaoitaja kila mara kama mgombea wa kwanza kwa sababu ndiyo inayotumika sana. Molekuli yake ni kubwa, zaidi ya gramu 640 kwa moli. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana sindano yake huchanganywa na polisobeti. Dawa isiyoyeyuka kwenye maji na iliyojificha ndani ya matone ya sabuni haiwezi kushindana na sodiamu. Kuipaka au kuiwekea jeli inayoachia polepole bila umeme kuna mantiki zaidi. Kwa umeme, chagua molekuli ndogo, yenye chaji kamili, inayoyeyuka sana, na yenye nguvu kwa dozi ndogo.

Kazi iliyofungua njia kwa moyo ilichapishwa mwaka 1992 na Boaz Avitall na wenzake huko Marekani. Walilaza bandiko lenye prokainamidi juu ya ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, za mbwa wenye mapigo ya hatari, wakapitisha umeme. Nyama iliyo chini ya bandiko ilipata dawa nyingi, damu ya mwili ikapata kidogo mno. Mwaka 1995 kundi jingine, la Labhasetwar na Levy, lilitumia sotaloli, dawa nyingine ya mapigo, kwa mbwa, likiwa na tando za kubadilishana ioni chanya zinazofanana na tulizozieleza. Kwa nini baada ya hapo hatujaona bandiko wodini? Ventrikali ya kushoto ina unene wa sentimita moja hivi. Dawa inajaa upande wa nje na kupungua kadiri unavyoingia ndani. Njia mbovu ya umeme ikiwa upande wa ndani, hujaifikia. Atria ni nyembamba, kwa hiyo sisi tunaona huko ndiko kwenye matumaini. Sababu nyingine ni kwamba tiba zilizokuwa zinashindana nalo ziliendelea: kuunguza njia mbovu kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, na vifaa vya kushtua vinavyopandikizwa.

Sasa hatari, na hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu moyo si ngozi. Kwa ngozi, kikomo kinachozoeleka ni miliampea 0.5 kwa sentimita moja ya mraba. Fundi wa vifaa tiba anajua kwamba kifaa cha aina ya CF, kinachogusa moyo, hakiruhusiwi kuvujisha zaidi ya maikroampea 10 kikiwa kizima na 50 kikiwa na hitilafu moja. Sisi tunazungumzia kupitisha miliampea 1 kwa makusudi, mara 100 ya ile 10. DC iliyotulia inausumbua moyo kidogo kuliko umeme wa Hz 50 wa ukutani, lakini kuwasha na kuzima ghafla ni mshtuko, na mshtuko ukiangukia kwenye wimbi la T la ECG, wakati ventrikali inajiandaa upya, unaweza kuiingiza ventrikali kwenye mtetemo. Mtu huyo amekufa kama hakuna wa kumshtua.

Njia mbili zinatumika kufikiria usalama. Moja ni kupandisha mkondo taratibu kwa sekunde 30 na kuushusha vivyo hivyo, bila kung'oa waya kabla haujafika sifuri. Ya pili ni kupiga vipande vifupi vya mkondo vinavyoanzishwa na wimbi la R, kile kilele kirefu cha ECG, wakati nyama imetoka kuchochewa na haisikii. Waliowahi kubonyeza kitufe cha SYNC kwenye defibrileta, mashine ya kushtua moyo, wanaijua mantiki hiyo. Tuseme kipande cha milisekunde 100, miliampea 8. Mapigo yakiwa 75 kwa dakika, kuna milisekunde 800 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo wastani ni miliampea 1.

Ila tazameni mtego uliomo. Mgonjwa wa mtetemo wa atria hana mapigo 75. Ana 120 au zaidi. Kwa 120 wastani unapanda hadi miliampea 1.6. Aliyeweka saa ya dakika 10 amempa dozi iliyozidi kwa asilimia 60, kwa mgonjwa ambaye hali yake ni mbaya zaidi. Kila kipande kina kulomu 0.0008; chombo kihesabu vipande 750 kisha kijizime, ziwe zimepita dakika 10 au 6. Na kuna mtego wa pili: potasiamu ikipanda, wimbi la T linakuwa refu na chombo kinaweza kulidhania R. Kiwekewe uziwi wa angalau milisekunde 250 baada ya kila R, na kisipige kabisa ishara ikiwa na kelele. Kutopiga hakuui.

Mengine kwa haraka. Chanzo kiwe cha mkondo wa kudumu, si volti ya kudumu, maana rezistansi ya nyama inabadilika. Kiwe cha betri. Kuchaji wakati waya umeunganishwa kwa mgonjwa ni marufuku, hata kama TANESCO hawajakata wiki nzima. Kabla ya programu yoyote kuwe na rezista inayoweka ukomo kwa nguvu: kwa betri ya volti 9, kilo-omu 1 inahakikisha kwamba hata kila kitu kikiungua ndani hapatoki zaidi ya miliampea 9. Volti ikipanda ghafla, jeli imekauka au kona ya bandiko imebanduka, na mkondo wote sasa unapita kwenye eneo dogo. Hapo ndipo kingo zinapounguza. Volti ikishuka ghafla, damu au majimaji ya kifuani yametengeneza njia ya mkato kati ya elektrodi mbili, dawa haiingii popote. Koteri, kisu cha umeme cha upasuaji, ikianza kazi, tenganisha. Defibrileta ikitolewa, tenganisha kama muda upo, na kama haupo mshtue mgonjwa. Chombo kitengenezwe kuvumilia.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2008 Ulaya ilisitisha bandiko la fentanili, dawa kali ya maumivu, lililotumia iontoforesisi baada ya kugundulika kutu ambayo ingeweza kulifanya lijiwashe lenyewe. Marekani, bandiko la sumatriptani la kipandauso lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya taarifa za kuungua na makovu. Yote mawili yalikuwa yamepita kwenye idhini, na yalikaa juu ya ngozi, mahali ambapo mgonjwa anaweza kulibandua mwenyewe akihisi moto. La moyoni hawezi kulibandua, na moyo haumwambii kama ngozi.

Kwa vijana wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho: msiguse mnyama wala mtu, huko kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na dawa pamoja na kifaa vinachunguzwa vyote. Tengenezeni chanzo cha mkondo kwenye breadibodi, mzigo wa rezista kati ya omu 200 na kilo-omu 2, na kirekodi kinachojumlisha kulomu. Kisha kitegeni: kata waya katikati ya kipande, gusanisha elektrodi, mpe T ndefu kutoka kwenye simuleta ya ECG. Kila mara mpime kilichotoka kwa osiloskopu, si kwa kile kioo cha chombo chenyewe. Na kama mnataka kujua dawa ngapi imevuka, pimeni dawa: weka methilini ya buluu badala yake, kata jeli vipande vya milimita moja, yeyusha kila kipande, kisome kwenye spektrofotometa. Methilini ya buluu ina chaji chanya, kwa hiyo iwekeni chini ya waya mwekundu.

Mwenyekiti ameniashiria muda. Maswali tuanze na wauguzi wa ICU, hasa aliyekuwa ananyoosha mkono tangu tulipotaja dekstrosi.